Erithropoietini: Homoni Inayosimamia Uundaji wa Chembe Nyekundu za Damu

Mtu mzima mwenye afya anapojitolea damu hospitalini, hutolewa kiasi cha nusu lita hivi, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya damu yote aliyo nayo. Maji yaliyopotea hurudi katika muda wa siku moja au mbili kwa kunywa na kula. Chembe nyekundu hazirudi upesi namna hiyo, maana hapana budi ziundwe upya, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba uundaji huongezeka mara tu damu inapopungua, nao hurudi katika mwendo wake wa kila siku mara tu pengo linapozibwa. Hapana mtu aliyeuambia uboho wa mifupa kwamba damu imepungua, wala hapana aliyeuambia kwamba sasa inatosha. Basi uboho hujuaje?

Swali hili fupi liliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja. Jibu lake ni homoni iitwayo erithropoietini. Kuielewa homoni hii kuna faida kubwa kuliko kuongeza jina moja katika orodha ya homoni za kukariri. Upungufu wa damu ni ugonjwa unaoonekana kila siku katika zahanati za Afrika Mashariki, na wagonjwa wawili ambao viganja vyao vimekuwa vyeupe sawasawa wanaweza kuhitaji matibabu yasiyofanana hata kidogo. Ajuaye jinsi amri ya kuunda damu inavyotolewa, inavyopokewa na inavyotekelezwa, ndiye awezaye kueleza sababu ya tofauti hiyo.

Hesabu ya chembe nyekundu

Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ni kisahani kidogo chenye kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, kilichobonyea kidogo katikati pande zote mbili. Haina kiini. Karibu sehemu yote ya ndani imejazwa hemoglobini, protini yenye madini ya chuma ambayo huishika oksijeni katika mapafu na kuiachia katika viungo vingine vya mwili. Kwa kuwa chembe hii haina kiini, haiwezi kujitengeneza inapochakaa. Huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa katika mzunguko wa damu, hasa katika wengu na ini.

Kila milimita moja ya ujazo ya damu ina chembe nyekundu kiasi cha milioni 5. Mtu mwenye lita 5 za damu ana milimita za ujazo milioni 5. Kwa hiyo chembe zake nyekundu zote ni trilioni 25, yaani milioni 25 mara milioni moja. Ikiwa hizi zote hubadilishwa katika siku 120, basi kila siku hapana budi ziundwe chembe zaidi ya bilioni 200. Ukigawanya idadi hiyo kwa sekunde 86,400 za siku moja, utaona kwamba uboho huunda chembe zaidi ya milioni 2 katika kila sekunde.

Kiwanda chenye kasi kama hiyo hakiwezi kuendeshwa bila msimamizi. Kama kingeunda pungufu mno kila siku, baada ya miezi michache mwili ungekosa oksijeni ya kutosha. Kama kingezidisha, damu ingekuwa nzito kama uji, moyo ungeshindwa kuisukuma, na mishipa midogo ingeziba.

Dalili ya kwanza ilitoka milimani

Ishara ya kwanza ya kuwako kwa usimamizi huo ilionekana milimani. Mwaka 1890 mganga Mfaransa, François Viault, alitangaza matokeo ya safari yake katika nchi ya Peru. Alikuwa amehesabu chembe za damu yake mwenyewe mjini Lima, karibu na bahari, akapata kiasi cha milioni 5 kwa kila milimita ya ujazo. Kisha alipanda hadi Morococha, mji wa machimbo ulioko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Baada ya wiki tatu hivi hesabu yake ilikuwa imefikia kiasi cha milioni 8.

Hewa ya mlimani ina oksijeni ile ile ya asilimia 21 kama hewa ya pwani. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, na pamoja nayo hupungua kiasi cha oksijeni kinachoingia mwilini kwa kila pumzi. Katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, pumzi moja huleta karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ingeletwa na pumzi hiyo hiyo Dar es Salaam. Ilionekana wazi basi kwamba upungufu wa oksijeni ndio unaochochea uundaji wa damu.

Hata hivyo yafaa mwalimu awatahadharishe wanafunzi juu ya hesabu ya Viault. Mtu anapopanda mlima mrefu, figo zake hutoa maji mengi katika siku za mwanzo, na maji ya damu yanapopungua chembe husongamana. Mhesabuji huona chembe nyingi zaidi katika tone moja, hali jumla ya chembe mwilini haijabadilika sana. Mpandaji wa Kilimanjaro aliye mlimani kwa siku sita au saba huonyesha jambo hili vizuri. Homoni yake huanza kupanda katika muda wa saa chache tu, lakini chembe mpya huhitaji siku kadhaa kukomaa, na ongezeko la maana huhitaji wiki kadhaa. Wakati uboho unapoanza kutoa matunda ya kazi yake, mpandaji huyo amekwisha kushuka Moshi. Kilichomsaidia mlimani ni pumzi za haraka, mapigo ya moyo yaliyoongezeka, na shauri la wapagazi la kwenda polepole.

Mjumbe wa damuni: mabishano ya nusu karne

Baada ya Viault, maelezo mawili yalishindana. Mwaka 1893 Friedrich Miescher wa Uswisi alidai kwamba uboho wenyewe huhisi upungufu wa oksijeni na kuanza kazi bila kuambiwa. Maelezo ya pili yalitolewa Paris mwaka 1906 na Paul Carnot pamoja na Clotilde Deflandre. Hao waliwatoa sungura damu, wakachukua maji ya damu ya sungura hao waliopungukiwa na kuwadunga nayo sungura wengine wazima. Walisema kwamba chembe nyekundu za sungura waliodungwa ziliongezeka, na kwa hiyo lazima kuwe na kitu damuni kinachopeleka habari kwenye uboho.

Wengi walijaribu kurudia jaribio hilo wakashindwa. Leo sababu inaeleweka: kiasi cha maji ya damu kilichotumika kilikuwa kidogo mno kuweza kubeba homoni ya kutosha. Lakini kwa miaka mingi wazo la mjumbe lilitiliwa shaka, ingawa mwaka 1948 Eva Bonsdorff na Eeva Jalavisto wa Finland walilipa jina la erithropoietini, yaani kitu kiundacho wekundu.

Mabishano yaliamuliwa kwa jaribio moja la busara. Mwaka 1950 Kurt Reissmann aliwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji, hata damu ya mmoja ikawa inapita kwa mwenzake. Panya mmoja alivutishwa hewa yenye oksijeni kidogo, na wa pili hewa ya kawaida. Ikiwa Miescher alisema kweli, uboho wa panya wa kwanza peke yake ndio ungeamka. Lakini uboho wa panya wote wawili uliongeza kazi. Panya wa pili hakukosa oksijeni. Alichopata ni ujumbe uliosafiri katika damu ya ndugu yake. Mwaka 1953 Allan Erslev alirudia jaribio la sungura kwa kutumia maji mengi ya damu, na safari hii matokeo hayakukanushika.

Ujumbe ulitoka wapi? Mwaka 1954 Frederick Stohlman na wenzake walieleza habari za mgonjwa aliyezaliwa na kasoro ya mshipa mkubwa karibu na moyo. Sehemu ya juu ya mwili wake ilipata damu yenye oksijeni ya kutosha, na sehemu ya chini ilipata damu iliyopungukiwa. Hata hivyo uboho wa mfupa wa kifua chake, uliokuwa upande wenye oksijeni tele, ulifanya kazi kupita kiasi. Basi mjumbe alitoka chini ya kifua. Mwaka 1957 Leon Jacobson, Eugene Goldwasser na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaondoa panya viungo mbalimbali, kimoja baada ya kingine, kisha wakachochea utoaji wa homoni. Panya waliokosa kiungo hiki au kile waliendelea kuitoa; panya waliokosa figo hawakuitoa tena.

Kwa nini figo?

Wanafunzi wengi huijua figo kuwa chujio la damu na mtengenezaji wa mkojo, nao huona ajabu kwamba kazi ya kupima oksijeni imepewa kiungo hiki, wala si mapafu au moyo. Sababu yake ni nzuri.

Msuli hutumia oksijeni nyingi mtu akikimbia na kidogo akilala. Kwa hiyo oksijeni iliyomo msulini haiwezi kueleza hali ya damu. Figo haiko hivyo. Hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote itokayo moyoni, na oksijeni inayoitumia huenda sambamba na damu inayoichuja. Damu ikizidi kuja, kazi ya kuchuja huzidi na matumizi ya oksijeni huzidi. Damu ikipungua, vyote viwili hupungua. Matokeo yake ni kwamba kiasi cha oksijeni ndani ya figo hakiyumbishwi sana na wingi wa damu inayopita. Hubadilika hasa pale damu yenyewe inapokuwa na uwezo mdogo wa kubeba oksijeni. Figo ni mizani iliyowekwa mahali panapofaa.

Yafaa kukumbuka pia kwamba figo haihesabu chembe. Inapima oksijeni tu. Ndiyo sababu mtu aishiye milimani, mtu aliyetokwa na damu, na mtu mwenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi, wote watatu hutoa erithropoietini kwa wingi, ingawa mmoja wao tu ndiye aliyepotewa na chembe. Katika mtoto aliye tumboni homoni hii hutoka hasa katika ini, na hata katika mtu mzima ini huendelea kutoa sehemu ndogo.

Jinsi oksijeni inavyopimwa

Kwa muda mrefu haikujulikana chembe ya figo huhisije oksijeni. Ugunduzi wa jambo hili uliwapatia William Kaelin, Gregg Semenza na Peter Ratcliffe Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Ndani ya chembe huundwa daima protini iitwayo kwa kifupi HIF. Kazi yake ni kuiamsha jeni ya erithropoietini. Lakini oksijeni inapokuwa ya kutosha, vimeng'enya maalumu huitumia oksijeni hiyo kuitia HIF alama, na protini yenye alama huvunjwavunjwa katika dakika chache. Ni kama karani anayeandika barua mchana kutwa, na mwenzake anayezichana zote kabla hazijafika posta. Oksijeni ikipungua, mchanaji hukosa nyenzo ya kazi yake. Barua huanza kufika, jeni huamka, na erithropoietini humwagwa damuni. Katika upungufu mkubwa wa damu, kiasi cha homoni kinaweza kupanda mara mia moja na hata mara elfu moja.

Chembe mpya zikisha kuongezeka, oksijeni hurudi katika figo, HIF huanza kuvunjwa tena, na homoni hushuka. Utaratibu huu ambao matokeo ya kazi ndiyo yanayoizuia kazi yenyewe huitwa mrejesho hasi. Mwanafunzi ataukuta pia katika usimamizi wa sukari ya damu na wa joto la mwili.

Kazi ya homoni ndani ya uboho

Erithropoietini ni protini ya amino asidi 165 iliyofungamana na sukari nyingi. Inapofika katika uboho hushikwa na vipokezi vilivyo juu ya chembe changa ambazo zimekwisha kuchagua njia ya kuwa chembe nyekundu.

Ni rahisi kudhani kwamba homoni huzilazimisha chembe hizo kuzaliana. Mwaka 1990 Mark Koury na Maurice Bondurant wa Marekani walionyesha jambo lililo la ajabu zaidi: chembe changa ambazo hazikupata erithropoietini huanza kujiua zenyewe. Uboho kila siku huandaa chembe changa nyingi kuliko zinazohitajika, na katika hali ya kawaida nyingi kati ya hizo hufa. Homoni inapozidi, idadi inayookolewa huzidi. Hii ndiyo sababu mwili huweza kuitikia upesi. Wafanyakazi wa akiba wako tayari, wanangoja tu kuitwa.

Chembe iliyookolewa hugawanyika mara kadhaa, hujijaza hemoglobini, kisha hutupa kiini chake nje. Kazi hiyo huchukua kiasi cha wiki moja. Chembe huingia damuni ikiwa bado changa, na kwa muda wa siku moja hivi inaweza kutambuliwa kwa rangi maalumu chini ya hadubini. Kwa hiyo fundi wa maabara anayehesabu chembe changa anaweza kujua kama uboho unaitikia wito au la. Kipimo hiki ni cha bei ndogo, na faida yake ni kubwa.

Amri bila malighafi

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Erithropoietini ni ujumbe tu. Haina chuma ndani yake, haina hemoglobini, wala haiwezi kuunda chembe hata moja. Ili damu iundwe, mambo matatu hayana budi yawepo pamoja: mpelekaji amri, ambaye ni figo, mfanyakazi, ambaye ni uboho, na malighafi, hasa chuma, foliki asidi na vitamini B12. Kimoja kikikosekana, vingine viwili havifui dafu.

Malighafi inapokosekana. Uundaji wa damu huhitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku, lakini chakula hutoa miligramu 1 au 2 tu. Sehemu iliyobaki hupatikana kwa mwili kukitumia tena chuma cha chembe zilizokufa. Mwili unaopoteza damu nje hupoteza chuma hicho cha akiba. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Mnyoo mmoja wa safura wa aina ya Necator humpotezea mtu mililita 0.03 hivi za damu kwa siku. Ni tone dogo mno. Lakini minyoo 100 hupoteza mililita 3, yaani miligramu 1.5 za chuma, karibu chote ambacho chakula cha siku kingeleta. Mgonjwa huyu ana erithropoietini tele. Kumwongezea homoni ni kumpigia kelele fundi aliyekosa mbao. Anachohitaji ni dawa ya minyoo, vidonge vya chuma, na choo bora kijijini.

Kwa hiyo mboga za majani, maini na dagaa, ambavyo watu husema huongeza damu, vina msaada wa kweli pale malighafi inapopungua. Chungwa au ubuyu ukiliwa pamoja na mboga husaidia chuma kuingia mwilini, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia.

Mfanyakazi anapoelemewa. Katika ugonjwa wa selimundu, chembe nyekundu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Figo huita kwa sauti kuu, uboho hufanya kazi usiku na mchana, na bado hasara hushinda mapato. Foliki asidi hutumika kwa haraka. Katika malaria, vimelea huvunja chembe nyingi kwa wakati mmoja, na tena mapambano ya mwili dhidi ya vimelea huupooza uboho. Mapambano hayo pia huongeza homoni nyingine itokayo katika ini, hepsidini, ambayo hukifungia chuma ghalani. Mara nyingi mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria huwa na erithropoietini nyingi isiyoitikiwa vya kutosha. Kinachotangulia ni kuua vimelea, na damu ikiwa imepungua mno, kuongezewa damu bila kuchelewa.

Mjumbe anapotoweka. Figo zinapoharibika kwa kisukari, kwa shinikizo la damu au kwa sababu nyingine, chembe zinazotoa homoni huharibika pia. Uboho ni mzima, na chuma kinaweza kuwa tele, lakini amri haiji. Mgonjwa huchoka, hupumua kwa shida akipanda ngazi, na hakuna juisi ya rozela wala mboga itakayomrudishia damu. Huyu peke yake kati ya hao watatu ndiye ambaye erithropoietini ni dawa yake hasa.

Kutoka mkojo hadi dawa

Kuipata homoni hii kwa ajili ya matibabu kulikuwa kazi ngumu, maana katika damu ya kawaida ni chache mno. Goldwasser aliitafuta kwa miaka ishirini hivi, akitumia damu nyingi ya kondoo. Msaada ulitoka Japani. Takaji Miyake wa Kumamoto alikuwa amekusanya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umekufa. Msomaji aliyefuata maelezo ya hapo juu ataona mara moja hekima ya uchaguzi huo: figo za wagonjwa hao zilikuwa zikiita bila kukoma, uboho hauitiki, na homoni iliyozidi ilimwagika katika mkojo. Mwaka 1977 wataalamu hao walitangaza kwamba wamepata homoni safi. Kutoka katika mkojo wote ule zilipatikana miligramu chache tu.

Kiasi hicho kidogo kilitosha kuonyesha mpangilio wa sehemu ya amino asidi zake, na kwa njia hiyo jeni yake ikatafutwa. Fu-Kuen Lin na wenzake katika kampuni ya Amgen, Marekani, waliipata mwaka 1983, na tangu hapo homoni ikaweza kutengenezwa na chembe hai zinazokuzwa maabarani. Wagonjwa wa figo walianza kujaribiwa nayo katikati ya miaka ya 1980 huko Marekani na Uingereza, na mwaka 1989 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani. Kabla ya hapo, wengi wa wagonjwa waliosafishwa damu kwa mashine walitegemea kuongezewa damu mara kwa mara, pamoja na hatari ya homa ya ini na ya mrundikano wa chuma mwilini.

Baadaye ilidhaniwa kwamba ni heri kuwapandisha wagonjwa hao hadi kiwango kamili cha mtu mzima wa afya. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 1998, 2006 na 2009 ulionyesha kwamba kufanya hivyo hakukuleta manufaa yaliyotazamiwa, na kwamba hatari ya kiharusi au ya matatizo ya moyo ilizidi. Kwa sababu hiyo waganga hulenga kiwango kilicho chini kidogo ya kile cha kawaida. Siku hizi viko pia vidonge vinavyozuia HIF isivunjwe, ili mwili ujitengenezee homoni wenyewe. Kimoja kati ya hivyo, roxadustat, kiliidhinishwa China mwaka 2018. Njia nyingine ni kupandikiza figo, kama ilivyofanywa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017. Figo mpya inaposhika kazi haichuji damu tu. Hurudisha na amri ya kuiunda.

Dawa inapogeuzwa kuwa hila

Penye oksijeni zaidi pana nguvu zaidi, na jambo hilo halikufichika kwa watu wa michezo. Eero Mäntyranta wa Finland, aliyepata medali 7 za Olimpiki katika mbio za kuteleza thelujini kati ya mwaka 1960 na 1968, alikuwa na damu yenye hemoglobini nyingi kupita kawaida, hata akashukiwa kudanganya. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba yeye na jamaa zake wengi walirithi kasoro katika jeni ya kipokezi cha erithropoietini, iliyoufanya uboho wao kuitikia homoni kupita kiasi.

Wengine waliitafuta hali hiyo kwa sindano. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku homoni hii mwaka 1990, na kipimo cha kuigundua kilitumika kwa mara ya kwanza katika michezo ya Sydney mwaka 2000. Mwendesha baiskeli wa Marekani, Lance Armstrong, alinyang'anywa ushindi wake saba wa Tour de France mwaka 2012, akakiri mwaka uliofuata kwamba aliitumia. Wakimbiaji wa mbio ndefu kutoka nchi mbalimbali, Kenya ikiwa miongoni mwao, wamefungiwa kwa kosa hilo hilo. Mwanafunzi apendaye michezo yampasa ajue kwamba adhabu si hasara iliyo kubwa kuliko zote. Mtu mzima anayejidunga homoni hii huupita mrejesho hasi ambao mwili umeuweka kwa ajili ya usalama wake. Damu huwa nzito, hasa baada ya jasho jingi kutoka, na inaweza kuganda katika mishipa ya moyo au ya ubongo.

Hitimisho

Neno "upungufu wa damu" ni jina la dalili. Si jina la ugonjwa mmoja. Nyuma ya dalili hiyo uko mnyororo wa figo, uboho na malighafi, na tiba iliyo sahihi ni ile inayounga pingu iliyokatika. Anayempa kila mgonjwa aliyepauka vidonge vya chuma atawasaidia wengi, na wengine atawachelewesha hadi figo zao zimekwisha. Kwa hiyo mtu ambaye damu yake hairudi licha ya chakula bora, dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, apelekwe hospitali akapimwe zaidi, figo zikiwa miongoni mwa vitu vitakavyopimwa.

Maswali kwa wanafunzi

1. Chembe nyekundu huishi damuni siku 120, na hubaki changa kwa siku 1 hivi. Kadiria ni asilimia ngapi ya chembe zote damuni ambazo ni changa. Asilimia hiyo itabadilikaje siku kadhaa baada ya mtu kujitolea damu?

2. Mtu amejitolea mililita 500 za damu. Ikiwa kila mililita ina nusu miligramu ya chuma, amepoteza chuma kiasi gani? Ikiwa chakula humwongezea miligramu 2 kwa siku, naye hana akiba wala hapotezi kingine, itachukua siku ngapi kukirudisha?

3. Eleza kwa nini jaribio la Reissmann lilihitaji panya wawili walioungana. Lingethibitisha nini kama angetumia panya mmoja peke yake?

4. Wagonjwa watatu wamepauka. Wa kwanza ana erithropoietini nyingi na chuma kidogo. Wa pili ana erithropoietini nyingi, chuma cha kutosha na chembe changa chache sana. Wa tatu ana chuma cha kutosha na erithropoietini kidogo. Taja pingu iliyokatika kwa kila mmoja.

5. Mvutaji wa sigara hupata gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na hemoglobini na kuizuia kubeba oksijeni. Je, figo zake zitatoa erithropoietini zaidi au pungufu? Toa sababu.